Kuusoma Mkono Bila Kuupasua: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtu anayetaka kujua namna mkono unavyofanya kazi hahitaji maiti wala michoro ya rangi, kwa sababu sehemu kubwa ya mtambo huo iko karibu sana na ngozi, na inaweza kuguswa, kuhesabiwa na kujaribiwa ukiwa umeketi mezani kwako. Tafuta kalamu ya wino unaofutika, karatasi moja, njiti mbili za kibiriti, beseni la maji ya uvuguvugu, na mguu mmoja wa kuku kutoka jikoni au kwa muuza supu. Tenga saa moja hivi, na fanya kila jaribio kwa mkono wako mwenyewe kabla ya kusoma maelezo yanayolifuata, maana kitu ulichokwisha kukihisi hakihitaji kukaririwa.

Kwanza tukubaliane maneno. Kiswahili huita "mkono" kila kitu kuanzia begani hadi ncha za vidole, jambo ambalo linatosha kwa mazungumzo lakini linakwamisha maelezo ya aina hii. Hapa "kigasha" ni sehemu iliyo kati ya kisukusuku na kifundo. "Kifundo" ni pale saa inapovaliwa. "Kiganja" ni chote kilicho mbele ya kifundo pamoja na vidole. "Kitanga" ni upande wa ndani wa kiganja, ule tunaopigia makofi, na upande wa pili nitauita mgongo wa kiganja. Neno "kiwiko" nimelikwepa kwa makusudi: kamusi za zamani hulifasiri kuwa ni kifundo, watu wengi wa leo wanakusudia kisukusuku, na nimeshaona maelezo ya jeraha yakipotea njiani kati ya maana hizo mbili.

Hatua ya 1: Hesabu mifupa

Kiganja kimoja pamoja na kifundo chake kina mifupa 27. Kati ya hiyo, 14 ni pingili za vidole, kwa kuwa kidole gumba kina pingili mbili na vingine vinne vina tatu tatu. Mitano ni mirefu na imelala ndani ya kitanga. Na minane ni midogo, imejazana kwenye kifundo katika safu mbili kama kokoto zilizopangwa. Pingili huna haja ya kufundishwa kuzihesabu. Mifupa ya kitanga utaihisi ukipitisha ncha ya kidole mgongoni mwa kiganja, kutoka kifundoni kuelekea kwenye vidole.

Sasa kunja ngumi utazame vile vilima vinne vinavyojitokeza, ambavyo wengi wetu tulivijua utotoni pale tulipopigwa konzi. Vilima hivyo ni vichwa vya mifupa ya kitanga, na kidole huanzia hapo. Fungua kiganja, ukigeuze, na uchore mstari kwenye mkunjo wa chini wa kidole cha kati, pale ambapo kidole kinaonekana kuanza kwa upande wa ndani. Kisha chora mstari mwingine mgongoni, juu ya kilima cha kidole hicho hicho. Mistari hiyo miwili haitalingana hata kidogo. Kiungo cha kweli kiko ndani zaidi, karibu na ule mkunjo wa juu unaokatiza kitanga, na ngozi iliyo kati ya vidole imefunika karibu nusu ya pingili ya kwanza. Ndiyo maana kidole kile kile ni kirefu kikitazamwa kwa nyuma na kifupi kikitazamwa kwa mbele. Anayefunga kidole kilichovunjika kwa kufuata mkunjo wa ngozi hukaza mahali pasipo na kiungo na kukiacha kiungo chenyewe kikicheza.

Kwenye kifundo mambo yamejificha zaidi, lakini mfupa mmoja unajitoa wenyewe. Legeza mkono, kisha bonyeza mwanzo wa kitanga upande wa kidole cha mwisho. Utakuta kitu kigumu chenye ukubwa wa punje ya njegere, na mkono ukiwa umelegea kinasogea kidogo chini ya kidole. Huo ndio mfupa wa pisifomu, na jina lake la Kilatini maana yake ni hiyo hiyo, umbo la njegere.

Mifupa hii minane ina saa yake. Mtoto anapozaliwa yote bado ni gegedu, yaani laini na haijawa mfupa kamili, kwa hiyo haionekani kwenye eksirei. Kisha inageuka kuwa mifupa mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio unaojulikana, na ile njegere huwa ya mwisho, mtoto anapokuwa na umri wa miaka 9 hadi 12 hivi. Kwa sababu hiyo daktari anayetaka kukadiria ukuaji wa mtoto hupiga picha ya kiganja cha kushoto. FIFA nayo tangu mwaka 2009 imetumia picha za MRI za kifundo katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, ili kuona kama sehemu ya kukulia ya mfupa wa kigasha imekwisha kufunga. Shule zetu za zamani zilikuwa na kipimo chao cha kuandikisha darasa la kwanza: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Wazo ni lile lile, kwamba mkono hauna cheti cha kughushi.

Hatua ya 2: Tafuta kibonde cha ugoro

Nyoosha kidole gumba kwa nguvu kama mtu anayeomba lifti. Pale kidole hicho kinapokutana na kifundo patatokea kibonde chenye kuta mbili za kano zilizokaza, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa. Wazungu wa zamani waliweka ugoro hapo na kuuvuta puani, na wanatomia hadi leo hukiita kisanduku cha ugoro. Bonyeza sakafu ya kibonde kwa ncha ya kidole cha mkono wa pili. Mfupa unaougusa ni skafoidi.

Huu ndio mfupa wa kifundo unaovunjika mara nyingi kuliko wenzake, na njia yake ni moja: mtu anateleza au anarushwa na pikipiki, anajikinga kwa kiganja kilichofunguka, na uzito wote wa mwili unapita hapo. Shida haiishii kwenye kuvunjika. Damu ya skafoidi huingilia zaidi upande wa mbele, ulio karibu na vidole, kisha hurudi nyuma kuelekea kwenye kigasha. Mfupa ukikatika katikati, kipande cha nyuma hubaki na njaa, na kinaweza kufa huku mwenye mkono akiamini ameteguka tu. Tena ufa huo mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku ya kwanza. Mimi niliteleza kwenye sakafu yenye maji, picha ikatoka safi, nikarudi nyumbani na kukandwa kwa maji ya moto na chumvi kwa karibu wiki tatu, mpaka maumivu ya kufungua mfuniko wa chupa yaliponirudisha hospitali na kufungwa hogo.

Kanuni basi ni hii: baada ya kuangukia kiganja, bonyeza kibonde cha mkono ulioumia na cha mkono mzima. Kama kile cha ulioumia kinauma wazi kuliko mwenziwe, uhesabu kuwa mfupa umevunjika, usikubali kukandwa wala kuvutwa, omba kifundo kifungwe kisicheze, na rudia picha baada ya siku 10 hadi 14 hata kama ya kwanza haikuonyesha kitu.

Hatua ya 3: Vuta kano za mguu wa kuku

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, kwa hiyo usiharakishe. Chukua mguu wa kuku uliokatwa kwenye kiungo, tazama mahali ulipokatwa, na utafute nyuzi nyeupe zinazong'aa. Shika mmoja wa upande wa nyuma kwa koleo au kwa kitambaa, uvute polepole. Vidole vya kuku vitajikunja. Achia, kisha vuta uzi wa upande wa mbele, vitanyooka. Watoto wa jikoni wote wanaujua mchezo huu, ila wachache waliambiwa kwamba walikuwa wanatazama mkono wao wenyewe.

Vidole vya binadamu havina misuli inayovikunja wala kuvinyoosha ndani yake. Kilichomo ni mifupa, kano, neva, mishipa ya damu, mafuta na ngozi. Misuli mikubwa ya kukunja na kunyoosha vidole iko kwenye kigasha, na inavuta kwa mbali kupitia kano ndefu zinazovuka kifundo. Shika kigasha chako kwa mkono wa pili, karibu na kisukusuku, kisha chezesha vidole kama mpiga kinanda: nyama inayotikisika chini ya mshiko wako ndiyo inayofanya kazi. Ndani ya kiganja imo misuli midogo pia, iliyonona chini ya kidole gumba na chini ya kidole cha mwisho, na mingine iliyojificha kati ya mifupa ya kitanga, lakini kazi yake ni ustadi; nguvu inatoka kigashani. Fundi aliyesokota bisibisi kutwa nzima, jioni humuuma kigasha, si vidole.

Kila kidole, ukiacha gumba, hukunjwa na kano mbili zilizopandana. Ya juu inaishia kwenye pingili ya kati. Ya chini inapita katikati ya ile ya juu, ambayo hupasuka kama njia panda ili kuipisha, na kuendelea mpaka pingili ya ncha. Zipime moja moja. Ili kupima ya chini, shika pingili ya kati ya kidole chako isicheze, kisha jaribu kukunja ncha peke yake. Ili kupima ya juu, laza mkono kitanga kikiwa juu, zuia vidole vingine vyote vikiwa vimenyooka, na ukunje kile kimoja ulichokiacha huru. Kitakunjika kwenye kiungo cha kati huku ncha ikiwa imelegea kama kitambaa. Kwenye kidole cha mwisho wengine hushindwa jaribio hili bila kuwa na ugonjwa wowote.

Majaribio haya mawili yana thamani kubwa kwa mtu aliyejikata. Anayepasua dafu na panga likamteleza anaweza kupata jeraha la wanda mmoja tu upande wa ndani wa kidole, likaacha kuvuja damu kwa dakika chache na kufungwa plasta, kumbe kano imekatika na ncha yake ya nyuma imevutwa na msuli mpaka ndani ya kitanga. Ikiwa baada ya kujikata kidole kimenyooka kuliko wenzake mkono ukiwa umepumzika, au ncha haikunjiki, hiyo si kazi ya bandeji. Kano huungwa vizuri zaidi katika siku za mwanzo. Majuma yakipita, misuli husinyaa na njia ya kano huziba, na kinachobaki ni upasuaji mgumu zaidi wa kupandikiza kano nyingine.

Ya kupandikiza hutoka wapi? Gusanisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo kidogo kuelekea kwako. Kwa watu wengi kano moja nyembamba itasimama katikati ya kifundo kama uzi wa zeze. Wengine hawana kabisa, au wanayo mkono mmoja tu, na hawakosi chochote cha maana. Madaktari wa upasuaji huichukua kano hiyo kama fundi cherehani anavyochukua uzi kwenye pindo lililozidi.

Kano haziendi holela. Zimefungwa kwenye mifupa ya vidole kwa pete za nyuzi ngumu, bila hizo kila ukikunja kidole kano ingenyanyuka na kuvuta ngozi kama uzi wa upinde. Pete ya kwanza, iliyo kwenye kitanga karibu na mwanzo wa kidole, ndiyo inayosumbua: ikivimba, kano hukwama na kidole hunasa kikiwa kimekunjwa, kisha hufyatuka ghafla kwa mlio.

Jaribio la mwisho la hatua hii. Laza kiganja mezani, kitanga chini, ukunje kidole cha kati ndani ili pingili zake ziguse meza, kisha nyanyua vidole vingine kimoja kimoja. Gumba kitanyanyuka, cha shahada kitanyanyuka, cha mwisho kitanyanyuka, lakini cha pete kitagoma kana kwamba kimegundishwa. Mgongoni mwa kiganja kano za kunyoosha vidole zimeunganishwa kwa mikanda, na kidole cha pete hakina mnyooshaji wa pili wa peke yake. Cha kati kikizuiwa, cha pete kinazuiwa naye. Kidole cha shahada na cha mwisho kila kimoja kina msuli wa ziada unaokinyoosha bila kuomba ruhusa. Anayenyanyua kidole cha shahada katika tahiyatu huku vingine vimekunjwa anautumia msuli huo hasa.

Hatua ya 4: Kunja kifundo, tazama vidole

Weka kisukusuku mezani, simamisha kigasha, na uache kiganja kianguke mbele chenyewe. Vidole vitafunguka. Sasa rudisha kiganja nyuma bila kukaza kitu chochote. Vidole vitajikunja polepole kana kwamba vinashika yai. Hukuviamuru. Kano ndefu zinapita juu ya kifundo, na ukibadilisha pembe yake unazivuta au unazilegeza.

Matumizi ya jambo hili ni mengi kuliko watu wanavyofikiri. Mtoto mdogo akishikilia wembe au kidonge na kugoma kuachia, usimbandue vidole kimoja kimoja. Shika kigasha chake, kunja kifundo chake taratibu kuelekea kitanga, na ngumi italegea yenyewe. Kinyume chake, jaribu kukamua nguo ukiwa umekunja kifundo mbele, utaona nguvu imekuishia. Mshiko hukaza zaidi kifundo kikiwa kimerudi nyuma kidogo, na ndivyo mkono unavyokaa wenyewe kwa mtu anayetwanga au anayekuna nazi. Watu waliopooza vidole kwa kuumia uti wa mgongo lakini wakabakiwa na uwezo wa kunyanyua kifundo hufundishwa kushika kikombe kwa njia hii hii.

Hatua ya 5: Kiondoe kidole gumba

Funga kidole gumba kwa utepe kikiwa kimebana kwenye kitanga, kisha jaribu kufunga kifungo cha shati, kuwasha kiberiti na kutia ufunguo kwenye kitasa. Jedwali la Chama cha Madaktari cha Marekani, linalotumiwa kukadiria ulemavu, hukihesabu kidole hiki kimoja kuwa asilimia 40 ya kiganja, na dakika tano za utepe zitatosha kukushawishi.

Siri yake iko chini kabisa, kwenye kiungo kinachokiunganisha na kifundo. Nyuso mbili za mifupa hapo zimepindana kama tandiko na mgongo wa punda, kila moja imebonyea upande mmoja na kuinuka upande wa pili, kwa hiyo kidole kinaweza kwenda mbele, nyuma, pembeni, na kujigeuza mpaka nyama ya ncha yake itazamane na nyama ya ncha ya kidole kingine chochote. Gusanisha gumba na kidole cha mwisho ukitazama kucha: utaona zimegeuka na karibu kupeana mgongo. Sokwe wa Gombe wanaweza kushika, lakini vidole vyao ni virefu mno na gumba lao fupi mno kwa kubana sindano ncha kwa ncha.

Mwaka 1956 daktari Mwingereza John Napier alipendekeza kwamba mishiko ya mkono igawanywe katika aina mbili tu: wa nguvu, kitu kikiwa kimebanwa kati ya vidole na kitanga kama mpini wa jembe, na wa ustadi, kitu kikiwa kati ya gumba na ncha za vidole kama punje ya mchele unayoitupa nje ya ungo. Miaka minne baadaye, Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, ilichimbuliwa mifupa ya kiganja cha kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.7 iliyopita, na Napier ndiye aliyeichunguza. Aliona pingili za ncha zilizo pana kama zetu. Mwaka 1964 yeye na watafiti wenzake Louis Leakey na Phillip Tobias walimpa kiumbe huyo jina la Homo habilis, mtu stadi, kwa kuamini kwamba kiganja hicho ndicho kilichochonga mawe yaliyokutwa hapo.

Ukimaliza na gumba, jaribu upande wa pili. Shika nyundo bila kutumia kidole cha pete na cha mwisho; itayumba. Vidole hivyo viwili vinavyodharauliwa ndivyo vinavyofunga mshiko wa nguvu, kwa sababu mifupa yao ya kitanga inacheza kwenye kifundo, wakati ile ya kidole cha shahada na cha kati imesimama kama nguzo.

Hatua ya 6: Chora ramani ya neva tatu

Chukua kalamu. Kwenye kitanga, gawa kidole cha pete katikati kwa mstari unaoshuka mpaka kifundoni. Upande wa gumba, yaani gumba, shahada, kati na nusu ya pete, unahisiwa na neva ya katikati, inayoitwa mediani. Upande wa pili, nusu ya pete na kidole cha mwisho, ni wa neva ya alna. Mgongoni, eneo lililo nyuma ya gumba na shahada ni la neva ya radiali. Mpaka huo unaopita katikati ya kidole kimoja ni msaada mkubwa: ganzi ikiishia nusu ya kidole cha pete, tatizo karibu hakika liko kwenye neva.

Neva ya mediani huingia kiganjani kwa kupita kwenye handaki jembamba chini ya kitanga, sakafu na kuta zake zikiwa mifupa ya kifundo na dari yake ukanda mgumu. Humo inabanana na kano tisa. Kitu chochote kikivimba humo, neva ndiyo inayoumia, kwa kuwa ndiyo laini. Mwenye shida hii huamka usiku vidole vitatu vikiwa vimekufa ganzi na kuchomachoma, akakung'uta mkono mpaka upate nafuu. Wajawazito hupatwa sana. Jaribio lake ni kugusanisha migongo ya viganja viwili, vifundo vikiwa vimekunjwa kabisa, kwa sekunde 60. Ganzi ikianza kabla ya hapo, eleza hivyo kliniki, na usisubiri mpaka nyama iliyo chini ya gumba isinyae.

Neva ya alna unaijua bila kujua jina lake. Ndiyo inayokupiga shoti mpaka kidole cha mwisho unapojigonga kisukusuku, kwa sababu hapo imelala juu ya mfupa chini ya ngozi tupu. Ndiyo pia inayoendesha misuli mingi midogo ya kiganja. Ipime kwa karatasi: bana karatasi kati ya gumba lililonyooka na ubavu wa kidole cha shahada, mwenzio aivute. Kama gumba linalazimika kujikunja kwenye kiungo cha ncha ili isitoke, neva hiyo imedhoofika na nyingine inajaribu kuiokoa.

Radiali haiendeshi msuli wowote ndani ya kiganja, kazi yake ni kunyanyua kifundo na kunyoosha vidole. Mtu anayelala fofofo, mara nyingi kwa ulevi, mkono ukiwa umening'inia nyuma ya kiti huamka kiganja kimeanguka. Kwa kawaida kinarudi baada ya majuma au miezi.

Hatua ya 7: Jaribu damu

Gusa mapigo upande wa gumba kwa ncha za vidole viwili, usitumie gumba lako kwa kuwa lina mapigo yake yatakayokuchanganya. Mshipa wa pili uko upande wa kidole cha mwisho, umezama zaidi. Kunja ngumi kali, mwenzio abonyeze yote miwili, kisha fungua kiganja: kitanga kimepauka. Aachie ule wa upande wa kidole cha mwisho peke yake. Rangi ikirudi ndani ya sekunde kama kumi, mshipa mmoja unatosha kukilisha kiganja chote, kwa sababu miwili hiyo imeunganishwa kwa upinde ndani ya kitanga. Kwa mtu mweusi tazama kitanga na kucha. Jaribio hili limetokana na lile lililoelezwa na daktari Edgar Allen mwaka 1929, na bado hutumika hospitalini kabla ya kuchomeka mpira kwenye mshipa wa kifundo.

Hatua ya 8: Maliza na ngozi

Vuta ngozi ya mgongo wa kiganja, inanyanyuka kama shuka. Vuta ya kitanga, haitoki, kwa sababu imeshonewa kwenye utando mgumu ulio chini yake. Isingekuwa hivyo, mpini ungeteleza pamoja na ngozi yako. Hii pia ndiyo sababu usaha ulioko kitangani mara nyingi huvimbisha mgongo wa kiganja, na mtu asiyejua akapasua upande usiohusika.

Fumba macho, mwenzio akuguse ncha ya kidole kwa njiti mbili zilizokaribiana. Kwa kawaida utatambua kuwa ni mbili hata zikiachana milimita 3 au 4 tu. Mgongoni mwa kiganja zitahitaji kuachana mara nyingi zaidi ya hapo kabla hujaacha kuhesabu moja.

Sasa tumbukiza viganja kwenye beseni, na wino uliochora utafutika humo humo. Baada ya dakika kadhaa ngozi ya ncha za vidole itakunjamana. Wengi huamini ni ngozi iliyonyonya maji ikafura, lakini kidole ambacho neva yake imekatika hakikunjamani hata kikilowekwa, maana mikunjo hiyo huletwa na neva zinazoamuru mishipa ya damu ya ncha ibane. Mtoto mdogo hawezi kukuambia kama kidole alichokatwa na bati kina ganzi. Mloweke viganja vyote viwili kwenye maji ya uvuguvugu kidonda kikiwa kimekwisha kufunga, subiri nusu saa ukimchezesha, kisha linganisha vidole. Kimoja kikitoka laini kati ya wenzake waliokunjamana, mpeleke kwa daktari wa upasuaji na umweleze ulichokiona.